Mayai Yaliyolala Matopeni: Uzazi wa Krasteshia Wadogo wa Maji na Istilahi Zake

Utangulizi

Mfugaji wa samaki katika vilima vya Butembo, huko Kipese kwa mfano, hulikausha bwawa lake kila anapotaka kuvuna. Maji hufunguliwa, tilapia hukusanywa kwa vikapu na ndoo, na tope hubaki wazi juani kwa majuma kadhaa mpaka lipasuke nyufa. Maji yanaporudishwa bwawa huonekana tupu kwa siku chache. Baada ya juma moja au mawili, mtu akiyachota kwa gilasi na kuiinua kwenye mwanga ataona vidoadoa vinavyorukaruka, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa kichwa cha pini au pungufu. Hakuna aliyevileta. Vimetoka wapi?

Majibu mawili husikika mara kwa mara. La kwanza ni kwamba tope lenyewe limevizaa. Jibu hili tusilicheke, kwa kuwa wataalamu wa Ulaya waliliamini kwa karne nyingi kabla ya kulitupa. La pili ni kwamba vimeshuka na mvua. Nalo lina chembe ya ukweli, maana mayai ya viumbe hawa huchukuliwa na upepo na hunata katika miguu na manyoya ya ndege. Lakini wengi wao hawakutoka popote. Walikuwamo tayari ndani ya tope kavu, wakiwa hai, wakingoja.

Makala haya yana makusudi mawili yanayotegemeana. La kwanza ni kueleza jinsi krasteshia wadogo wa maji baridi na wa maji ya chumvi wanavyozaa, na jinsi wanavyoacha nyuma yao kizazi kilicholala. La pili ni kuonyesha kwamba katika somo hili mtu akikosea neno hukosea na jambo lenyewe. Mwanafunzi wa Butembo, awe wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilichoanzishwa mwaka 1989 au wa chuo kingine, hufundishwa biolojia kwa Kifaransa, kisha akirudi nyumbani hutakiwa kuieleza kwa Kinande na kwa Kiswahili. Mwenzake wa Dar es Salaam au Nairobi huipata kwa Kiingereza. Wote wawili hufika mahali pamoja: mbele ya bwawa la mzee fulani, wakitafuta neno.

Viumbe wenyewe

Watu huwaita wadudu, na katika mazungumzo ya kila siku hapana ubaya. Kwa mwanabiolojia, hata hivyo, mdudu ni kiumbe mwenye miguu sita, na hawa hawamo katika kundi hilo. Wao ni jamaa wa kamba, kaa na uduvi; yaani ni krasteshia. Anayejulikana zaidi ni yule wa jenasi ya Daphnia, ambaye katika lugha nyingi za Ulaya hupewa jina la kiroboto kwa sababu ya mruko wake. Nasi tunaweza kumwita kiroboto-maji, mradi tukumbuke kwamba hamwumi mtu wala hanyonyi damu. Urefu wake kwa kawaida ni milimita moja hadi tatu. Hula vijimea vya kijani vinavyoelea majini, yaani mwani mdogo sana, akiuchuja kwa miguu yake yenye nywele. Samaki wachanga nao humla yeye. Pasipo viumbe wa aina hii, chakula kilichomo katika mwani kingewafikia samaki kwa taabu.

Maji yakiwa mazuri na chakula kikiwa tele, kiroboto-maji jike hahitaji dume. Hutaga mayai katika mfuko ulioko mgongoni mwake, chini ya gamba linaloonyesha vilivyo ndani, na mayai hayo hukua bila kupata mbegu ya kiume. Katika maji ya uvuguvugu wana hutoka baada ya siku tatu hivi, wakiwa na umbo la mama yao, na mara tu anapowatoa hujivua gamba na kutaga mengine. Wana wote ni majike, na kila mmoja ni nakala ya mama kijeni. Baada ya juma moja hivi nao huanza kuzaa. Ndiyo maana bwawa lililokuwa tupu hujaa ghafla: hakuna anayepoteza muda kutafuta mume.

Kisha mambo hubadilika. Viumbe husongamana, mwani hupungua, harufu ya samaki huenea majini. Katika nchi za kaskazini kufupika kwa mchana ni dalili kubwa pia, lakini Butembo iko karibu kabisa na ikweta, na kwetu mchana haufupiki kiasi cha kumwambia kiumbe lolote. Dalili nyingine ndizo zinazofanya kazi. Hapo jike huanza kuzaa madume. Jambo la kustaajabisha ni kwamba madume hayo yana jeni zile zile za mama. Jinsia yao haikuamuliwa na kromosomu, kama ilivyo kwa binadamu, bali na homoni ya mama iliyolifikia yai wakati maalumu wa kukomaa kwake. Majike wengine wakati huo huo hutaga mayai ya namna ya pili, makubwa na machache, ambayo hayawezi kuendelea mpaka yarutubishwe na dume.

Mayai haya ya pili ndiyo yanayolala. Kwa kawaida huwa mawili. Ukuta wa mfuko wa mgongoni hunenepa, huwa wa kahawia au mweusi, na huyafunika pande zote. Jike anapojivua gamba, kipande hicho hukatika na kwenda zake: kingine huzama, kingine huelea na kunata katika nyavu, katika ndoo, katika manyoya ya bata. Ndani yake kiinitete kimeanza kugawanyika seli, halafu kimesimama.

Tandiko, kisti, yai

Wataalamu wa Ulaya walipokiona kifuko hicho cheusi mgongoni mwa jike kiliwakumbusha kitu kinachowekwa juu ya mgongo wa farasi, wakakiita kwa neno la Kigiriki lenye maana hiyo, ephippium. Kiswahili hakina haja ya kulitohoa neno hili. Tunalo tandiko, na watu wa pwani wanayo pia soji, ambayo hutandikwa juu ya punda anayebeba mizigo. Mimi napendelea tandiko, kwa sababu linaeleweka Lamu na linaeleweka Goma. Tandiko la yai, basi, ni gamba gumu lenye mayai mawili yaliyorutubishwa, lililokatika kutoka mgongoni mwa jike.

Ugumu unakuja kwa neno la pili, kisti. Limekwisha kuingia katika vitabu vya shule, kwa kuwa hutumiwa pia kwa amiba anayejifunika ukuta ili astahimili ukavu. Lakini hospitalini neno hilo hilo ni uvimbe wenye maji, na mwanamke aliyeambiwa na daktari kwamba ana kisti hatalisikia bila wasiwasi. Tatizo la pili ni zito kuliko hilo. Tukisema kisti ni yai, tumekosea. Tukisema si yai, hatujaeleza ni nini.

Tumtazame uduvi wa chumvi, Artemia, anayeishi katika maji yaliyokolea chumvi kupita bahari yenyewe. Katika miaka ya 1980 aina ya Marekani, Artemia franciscana, ilipandikizwa katika mabwawa ya kutengenezea chumvi kwenye pwani ya Kenya, kaskazini ya Malindi. Jike wake ana njia mbili. Hali ikiwa njema huzaa watoto hai wanaoogelea. Chumvi ikizidi au oksijeni ikipungua, hutoa vijidude vya mviringo, vya kahawia, ambavyo upana wake ni kama robo ya milimita. Vijidude hivyo huelea na kukusanyika ukingoni mwa bwawa kama vumbi. Gramu moja ya vumbi hilo huweza kuwa na zaidi ya 200,000. Ndivyo vinavyouzwa duniani kote katika makopo kwa wafugaji wa samaki, kwani vikitiwa katika maji ya chumvi yenye joto la sentigredi 28 hivi, watoto huanguliwa baada ya siku moja nao huwa chakula cha vifaranga vya samaki na kamba.

Kijidude hicho si yai kwa maana ya kuku. Ni kiinitete chenye seli zipatazo 4,000, kilichokwisha kufika mbali katika ukuaji wake, ndipo kikasimamishwa. Ndani yake mna sukari nyingi iitwayo trehalosi, ambayo hushika nafasi ya maji yanapokauka, hivyo protini na ngozi za seli hazibomoki. Mna pia protini za pekee zinazozilinda nyingine zisiharibike. Mwanabiolojia James Clegg alieleza mwaka 1997 jinsi viinitete hivyo, vikiwa vimelowana na katika joto la kawaida la chumbani, vilivyostahimili miaka minne bila oksijeni yoyote. Kwa kipimo chochote alichotumia, kazi za uhai zilikuwa zimesimama au zimekaribia kabisa kusimama. Kiumbe wa namna hii tumwiteje? Hakufa, kwa kuwa ataamka. Lakini wala haishi kwa maana ya kula, kupumua na kuchakaa. Kiswahili kinasema amelala, na nadhani kinasema vizuri, ingawa usingizi wa kawaida una pumzi.

Pendekezo langu ni kwamba kisti ya Artemia iitwe kiinitete-lala, na tandiko libaki jina la gamba la kiroboto-maji. Neno kisti libaki kwa amiba na kwa madaktari. Si lazima kila msomaji akubali. Wataalamu wa istilahi wamezoea kuvutana, na ndivyo maneno yanavyopata nguvu. La muhimu ni kwamba anayetumia neno moja kwa vitu vitatu atamfundisha mwanafunzi kwamba vitu vitatu ni kimoja.

Kiazi na haragwe

Kuna tofauti nyingine ambayo lugha zetu huificha, nayo mkulima wa nyanda za juu za Lubero anaijua tangu utotoni bila kuisoma popote. Kiazi cha kizungu kilichong'olewa leo, hata ukikipanda leo katika udongo mzuri na mvua ikanyesha, hakichipui. Kinangoja majuma kadhaa, na hakuna anayekiharakisha kwa kukimwagilia. Haragwe kavu lililoko ghalani ni jambo jingine: nalo halichipui, lakini ni kwa sababu tu halijapata maji. Lipe maji, nalo litaota.

Kiazi kinazuiwa na kitu kilicho ndani yake. Haragwe linazuiwa na kilicho nje. Krasteshia wadogo wana usingizi wa namna zote mbili. Tandiko likiangushwa leo katika maji mazuri halianguliwi kesho. Kwanza usingizi wa ndani lazima uvunjwe, ama kwa kukaa katika giza, ama kwa baridi, ama kwa ukavu, kulingana na aina na mahali. Ukishavunjwa, yai huingia katika hali ya kungoja, na hapo maji, mwanga na oksijeni hutosha kuliamsha. Tukiita hali ya kwanza usingizi wa ndani na ya pili kungoja, hatuhitaji kuazima neno lolote.

Faida ya usingizi wa ndani ni dhahiri mtu akifikiri juu ya dimbwi la mvua. A. G. Hildrew alichapisha mwaka 1985 utafiti juu ya Streptocephalus vitreus, krasteshia wa madimbwi ya muda, katika dimbwi moja la mvua nchini Kenya. Kiumbe wa namna hiyo anashindana na jua. Lazima aanguliwe, akue, ajamiiane na ataze mayai kabla maji hayajaisha. Mvua ya kwanza ikiwa ya uongo, yaani ikinyesha siku moja na kukatika, wote walioamka hufa kabla ya kuzaa. Kama mayai yote yangeamka pamoja, ukoo ungekwisha siku hiyo. Kwa hiyo katika madimbwi ya namna hii huamka baadhi tu, na wengine hubaki mpaka mvua nyingine, au mwaka mwingine. Mkulima asiyepanda mbegu yote kwa mvua ya kwanza anafanya hesabu hiyo hiyo.

Si krasteshia wote wadogo wanaolala wakiwa mayai. Jamaa za Cyclops, ambao ni wengi katika mabwawa na maziwa yetu, hulala wakiwa watoto waliokwisha kukua kiasi, wamejizika matopeni. Mtu anayetafuta mayai yao ya kulala hatayapata.

Kuhusu urefu wa usingizi, rekodi zilizopo zinatoka nje ya Afrika. Nelson Hairston na wenzake walionyesha mwaka 1995 kwamba mayai ya kopepodi yaliyokuwa matopeni kwa zaidi ya miaka 300 huko Marekani yaliweza kuanguliwa. Mwaka 2014 Dagmar Frisch na wenzake walitangaza kwamba wameamsha viroboto-maji kutoka matandiko yenye umri wa karne saba hivi, yaliyotoka katika ziwa moja la Minnesota. Kabla ya hao wote, Mnorwe G. O. Sars aliletewa tope kavu kutoka Australia, akalitia maji katika vyombo vyake nyumbani kwake, na kutoka tope hilo akamzalisha na kumweleza, mwaka 1885, kiroboto-maji aliyempa jina Daphnia lumholtzi, kwa heshima ya Carl Lumholtz aliyelikusanya. Kiumbe huyo yuko pia katika maziwa ya Afrika. Sars hakuhitaji kupanda meli. Tope lilisafiri badala yake.

Naivasha

Hapa ndipo habari inapoacha kuwa ya ajabu tu. Ziwa Naivasha la Kenya lina tabaka za tope zilizojilundika mwaka baada ya mwaka, na katika kila tabaka mna matandiko ya viroboto-maji walioishi wakati huo. Tabaka ya chini ni ya kale, ya juu ni ya jana. Mtu akichomeka bomba refu chini ya ziwa na kulitoa na nguzo ya tope ndani yake, amechukua daftari la kumbukumbu. DNA iliyomo katika mayai ya kila ukurasa yaweza kusomwa.

Joachim Mergeay, Dirk Verschuren na Luc De Meester walifanya hivyo, wakachapisha matokeo yao mwaka 2006. Waliona kwamba zamani Naivasha ilikuwa na Daphnia pulex wa Kiafrika, wenye jeni za namna nyingi, waliokuwa wakizaa kwa njia zote mbili nilizozieleza. Kisha katika karne ya 20 akatokea mgeni: kloni moja ya Marekani, chotara wa Daphnia pulex na Daphnia pulicaria wa huko. Yamkini aliingia katika miaka ya 1920, wakati samaki wa Marekani walipoletwa Naivasha kwa ajili ya uvuvi wa starehe. Katika muda usiozidi miaka 60 mwenyeji alikuwa ametoweka ziwani, na mgeni amechukua mahali pake. Walipowachunguza viroboto-maji wa aina hiyo katika sehemu nyingine za Afrika alikokuwa akiishi mwenyeji, walimkuta huyo huyo, kloni moja tu.

Inafaa tusimame hapa, maana jambo hili linapingana na yale tunayofundisha. Tunamwambia mwanafunzi kwamba uzazi wa dume na jike huchanganya jeni, na kwamba mchanganyiko huo ndio ngao ya jamii hali inapobadilika. Mwenyeji wa Naivasha alikuwa na ngao hiyo. Alikuwa pia na wingi wa watu, na chini yake alikuwa na ghala kubwa la mayai yaliyolala, ambalo kila msimu lilimwongezea vijana. Mgeni hakuwa na lolote kati ya hayo isipokuwa nakala za nafsi yake. Akashinda.

Siri mojawapo iko katika tandiko lake. Nilisema kwamba mayai ya tandiko huhitaji dume. Kwa viroboto-maji walio wengi ndivyo ilivyo, lakini kloni hii imeacha dume hata hapo: mayai yake yanayolala nayo ni nakala ya mama. Fikiria maana yake. Mwenyeji akitaka kuhamia ziwa jipya, na tandiko lake moja likafika huko, watakaoanguliwa watazaana bila dume kwa muda, lakini hali ikiharibika watahitaji kuzaa madume, wakutane, warutubishe, na ndugu kwa ndugu. Mgeni hana shida hiyo. Tandiko lake moja, likiwa limenata katika wavu au limebaki katika tope la ndoo, linatosha kuanzisha taifa zima na kuliwekea akiba. Usingizi na uzazi bila dume, vikiunganishwa katika gamba moja, vimekuwa chombo cha safari.

Njia hiyo haikuwa ya upande mmoja. Yule Daphnia lumholtzi wa Sars, mwenyeji wa Afrika, Asia na Australia, alionekana Texas mwanzoni mwa miaka ya 1990, akaenea katika mabwawa mengi ya Marekani. Baadhi ya wataalamu walidhani alifika pamoja na sangara aliyepelekwa huko kutoka Afrika Mashariki kwa majaribio.

Kivu, na milima iliyo juu yake

Kwa msomaji wa Butembo na Beni, Naivasha iko mbali; Ziwa Kivu liko karibu zaidi, nalo lina kisa chake. Hubert Damas alilichunguza mwaka 1935 na 1936, na ujumbe wa Wabelgiji ulifanya kazi katika maziwa ya Kivu, Edward na Albert kati ya 1952 na 1954. Kwa hiyo tunajua yaliyokuwamo kabla ya mwaka 1958. Mmoja wao alikuwa Daphnia curvirostris, krasteshia mkubwa kuliko wenzake wa maji ya wazi ya Kivu na mchujaji hodari wa mwani.

Kati ya 1958 na 1960 vifaranga vya dagaa wa Tanganyika waliletwa Kivu, kwa kuwa sehemu ya wazi ya ziwa haikuwa na samaki wa kuila planktoni. Aina mbili zililetwa. Iliyoshika ni Limnothrissa miodon, ambaye leo watu wa Goma na Bukavu wanamjua kwa jina la sambaza. Sambaza huwinda kwa macho, na awindaye kwa macho huanza na aonekanaye. Daphnia akatoweka. Walibaki wadogo kuliko yeye, kama Moina micrura na Diaphanosoma excisum, pamoja na jamaa za Cyclops. Henri Dumont aliandika mwaka 1986 akiuliza kama haya si maafa mengine kwa Afrika. Miaka 20 baadaye, mwaka 2006, Mwapu Isumbisho wa Bukavu na wenzake walilipitia swali hilo upya kwa takwimu za ziwa lenyewe. Daphnia hakuwa amerudi, lakini uvuvi wa sambaza haukuwa umekufa. Mimi nisingetumia neno maafa mbele ya mama anayelisha watoto wake kwa sambaza wa soko la Goma. Nisingesema pia kwamba hakuna kilichopotea.

Je, ghala la mayai halikuweza kumrudisha Daphnia wa Kivu? Ziwa lina kina cha mita 485, na chini ya mita 70 hivi hakuna oksijeni. Matandiko yaliyoangukia huko yako gizani, chini ya maji yenye gesi, mahali ambapo hakuna dalili ya kuyaamsha. Yale ya kando kando, kwenye maji mafupi, yangeweza kuanguliwa. Lakini mtoto anayeamka huikuta dunia ile ile iliyomla mama yake, na huliwa kabla hajataga. Ghala linahifadhi mbegu. Haliondoi sababu iliyoharibu shamba. Naivasha lilikuwa wazi na lilifanya kazi, na halikutosha.

Kinyume chake kipo juu ya macho ya watu wa Beni. Asubuhi isiyo na mawingu Ruwenzori huonekana, na katika mabonde yake ya juu mna maziwa madogo yenye baridi, yasiyo na samaki. Kei Van Damme na Hilde Eggermont walipochapisha mwaka 2011 orodha ya jamaa za viroboto-maji wa milima hiyo, upande wa Uganda na upande wa Kongo, Daphnia alikuwamo. Pasipo sambaza, mkubwa ana haki ya kuwa mkubwa.

Tope la bidoni

Mabwawa ya Kipese na ya vilima vya jirani hujazwa kwa vifaranga vinavyobebwa kutoka mabwawa mengine, katika bidoni, kwa pikipiki au kichwani. Maji ya bidoni humwagwa pamoja na samaki, na mashapo yaliyoko chini humwagwa pia. Mfugaji anayetaka kuwa mwangalifu hudhani kwamba akikianika chombo chake na wavu wake juani amekisafisha. Kwa magonjwa mengine huenda ni kweli. Kwa tandiko, kuanika ni kulitayarisha. Ukavu ni mojawapo ya mambo yanayouvunja usingizi wa ndani. Lililo bora ni kusugua na kusuuza chombo kwa maji mengi mahali ambapo maji hayo hayatarudi bwawani wala mtoni, na kuwahamishia vifaranga katika maji safi kabla ya kuwatia bwawani.

Mwalimu anayetaka kuwaonyesha wanafunzi haya yote hahitaji maabara. Achukue konzi moja ya tope kutoka bwawa lililokaushwa, aliache likauke kabisa kivulini kwa mwezi mmoja, kisha alitie katika mtungi wa kioo wenye maji ya mvua na auweke dirishani, penye mwanga lakini pasipo jua kali. Mtungi ufunikwe kwa kitambaa chepesi, ili mbu asitage humo na ili asiwepo atakayesema kwamba viumbe hao wametoka nje. Mtungi wa pili uwe na maji ya mvua matupu, ufunikwe vivyo hivyo. Kuanzia siku ya tatu au ya nne mtungi wa kwanza utazamwe kila asubuhi kwa kioo cha kukuzia. Wanaoonekana mapema mara nyingi ni wadogo mno. Wenye mruko huja baadaye. Mmoja wao akitiwa peke yake katika kikombe cha maji yaliyochotwa bwawani na kuchujwa kwa kitambaa kizito, maji yakiwa bado na rangi ya kijani kidogo, atakuwa na watoto mgongoni kabla juma la pili halijaisha, na wanafunzi wataweza kuwahesabu kupitia gamba lake.